Somo kwa Makatibu: Mbawakawa wa Majani ya Maharage na Jinsi ya Kumtambua



Taarifa nyingi za mashamba ambazo nimezisoma katika majalada ya vyama vya msingi zina sentensi moja iliyo ile ile kila msimu: "Wadudu wameshambulia maharage ya wanachama, tunaomba dawa." Sentensi hiyo ni fupi na ina adabu, lakini haimwambii mtu lolote. Neno "wadudu" katika lugha yetu limebeba kila kitu, tangu funza wa mgomba hadi chawa wa kuku. Anayeisoma barua hiyo Kayanga hawezi kujua kama mdudu anakula jani, shina au mzizi. Atafanya nini basi, ila kukisia?

Pengine msomaji atauliza, mkaguzi wa ushirika na wadudu wapi na wapi? Kazi yangu ni vitabu vya fedha, na elimu yangu ni ya sekondari tu. Lakini nimejifunza kwamba mdudu asiyetambuliwa huishia katika vitabu vya fedha. Nitaeleza kisa kimoja, bila kukitaja chama chenyewe, kwa kuwa na mimi nina sehemu yangu ya kosa.

Msimu mmoja wa vuli, wanachama wa chama hicho walipanda maharage mapema, mvua ilipoanza. Miche ilipotoa majani ya kwanza ikavamiwa na vidudu vidogo vyenye kung'aa, na kwa siku chache mashamba mengine yakabaki mishipa ya majani tu. Kamati ikakutana, ikaazimia kwamba msimu unaofuata kila mwanachama achelewe kupanda ili wadudu hao wapite kwanza. Nilipokagua vitabu nililiona azimio hilo katika kumbukumbu za mkutano, nikaandika pembeni kwamba ni azimio la busara. Msimu uliofuata walichelewa kama walivyoagizwa. Miche ikaota vizuri, majani yakawa mazima, kisha yakaanza kugeuka manjano na miche ikafa mmoja mmoja. Katibu akaandika: "Wadudu wale wale wamerudi." Kamati ikachota fedha za akiba ya chama, ikanunua sumu ya kupulizia majani. Hati ya malipo ndiyo iliyonipeleka shambani.

Tuling'oa mche mmoja uliokuwa umenyauka, tukalipasua shina lake kwa wembe pale linapokutana na udongo. Shina lilikuwa limevimba na kupasuka, na ndani yake kulikuwa na vijipunje vya kahawia, vidogo kuliko punje ya mchele. Huyo hakuwa mbawakawa hata kidogo. Ni inzi wa maharage, ambaye hutaga mayai kwenye mche mchanga, na funza wake huteremka ndani ya shina. Sumu iliyopuliziwa juu ya majani katika wiki ile haikumfikia. Iliowafikia ni wadudu wengine waliolala wamekufa chini ya mimea, wekundu wenye madoa meusi, yaani wale wanaotusaidia kula vidukari. Wanachama kadhaa walinunua maharage dukani kabla ya mwaka kwisha.

Ubaya wa jambo hili ni kwamba dawa ya mdudu mmoja ni karibu ya mwingine. Kuchelewa kupanda hupunguza madhara ya mbawakawa wa majani, kwa sababu mbawakawa hutoka ardhini mvua zinapoanza na hutafuta miche iliyo tayari. Lakini maharage yaliyochelewa ndiyo yanayoumizwa zaidi na inzi wa maharage. Kwa hiyo kamati ile ilimkimbia mmoja ikaangukia kwa mwenzake, na mimi nikaisifu kwa maandishi. Kabla chama hakijaazimia lolote kuhusu tarehe ya kupanda, hapana budi kijue ni nani hasa aliye shambani.

Sasa tumwangalie mbawakawa mwenyewe. Wataalamu humwita kwa jina la jenasi Ootheca, na amo katika familia kubwa ya mbawakawa wanaokula majani. Urefu wake ni kama milimita 6, yaani karibu nusu ya punje ya haragwe la kawaida. Umbo lake ni la yai, mgongo umebinuka kidogo, na mabawa ya juu ni magumu, laini, yenye kung'aa kama kitu kilichopakwa mafuta. Vipapasio vyake ni virefu na vyembamba kama uzi, navyo huvichezesha mbele anapotembea. Ukilitikisa jani, wengine huruka na wengine hujiachia wakaanguka chini.

Kuhusu rangi, tahadhari. Wapo wenye rangi ya kahawia iliyoelekea machungwa mwili mzima, wapo wenye kichwa na shingo za rangi hiyo na mabawa meusi, na wapo weusi watupu. Mkulima akiwaona hao watatu katika shamba moja husema ameingiliwa na aina tatu za wadudu, na nimewahi kuona taarifa iliyoandikwa hivyo. Kumbe wanaweza kuwa ni aina moja. Spishi iliyoenea zaidi katika Afrika Mashariki inaitwa Ootheca mutabilis, na neno hilo la pili ni la Kilatini, maana yake "mwenye kubadilika". Aliyempa jina hilo aliiona shida yetu mapema.

Hapa ndipo hutokea swali ambalo makatibu wenye kupenda vitabu huniuliza: mbona maandishi ya kilimo ya Arusha yanataja jina jingine? Ni kweli. Katika mikoa ya kaskazini, Arusha na Kilimanjaro, mdudu aliyeandikwa sana ni Ootheca bennigseni. Nchini Uganda, ng'ambo ya mto wetu Kagera, watafiti walikusanya mbawakawa hawa katika kanda mbalimbali za nchi, na mwaka 2021 wakachapisha kwamba waliwapata wa spishi mbili: mutabilis aliyeenea nchi nzima, na mwingine aitwaye Ootheca proteus, ambaye walimpata katika sehemu za kaskazini na zile zinazozunguka Ziwa Kyoga, si katika nchi nzima. Basi kundi hili ni dogo, lakini kila sehemu ina mwenyeji wake. Kuwapambanua ndugu hawa kwa macho matupu hakuwezekani kwa uhakika, kwani rangi hudanganya. Mtaalamu humpasua mdudu na kuangalia viungo vya uzazi chini ya hadubini. Katibu asijitese na kazi hiyo. Tabia zao shambani zinafanana, na hatua za kuwazuia ni zile zile. Taarifa ikisema "mbawakawa wa majani ya maharage", imetosha kwa kazi ya chama. Spishi iachwe kwa wenye hadubini.

Linalompasa katibu ni kumtofautisha mbawakawa huyu na wadudu wengine wanaokaa katika shamba lile lile, na hasa yule rafiki yetu, mdudu kobe, mwekundu au wa machungwa mwenye madoa. Mdudu kobe amebinuka mgongo kama nusu ya mpira, miguu yake ni mifupi iliyojificha chini ya tumbo, na vipapasio vyake ni vifupi vyenye kirungu mwishoni. Mwenye kioo cha kukuzia aangalie pia unyayo: wa mbawakawa wa majani huonekana una pingili nne, wa mdudu kobe huonekana una pingili tatu. Sikuyaamini haya mpaka nilipokaa na bwana shamba mmoja mezani, sisi wawili na kioo chake, tukahesabu. Na ushahidi mwingine hauhitaji kioo. Mdudu kobe huyu mla vidukari hukaa penye vidukari, na jani alilokaa halina matundu mapya.

Kuna pia mbawakawa mkubwa, mrefu kuliko hawa mara tatu au nne, mweusi mwenye mikanda ya manjano au myekundu mgongoni. Huyo huja maharage yanapochanua, naye hula maua. Asishikwe kwa mkono mtupu, na watoto waonywe, maana majimaji ya mwili wake hutia malengelenge. Wapo tena vidudu vidogo sana ambao ukiwakaribia hurukaruka kama viroboto kwa miguu minene ya nyuma. Matundu yao ni madogo mno, kama jani limechomwachomwa kwa sindano.

Jani lililoliwa na mbawakawa wetu lina matundu ya mviringo katikati ya mishipa. Wakiwa wengi, matundu huungana mpaka jani hubaki kama wavu. Hatari ni katika wiki za kwanza baada ya kuota. Mche wenye majani mawili ukiliwa yote hufa, au hudumaa. Mmea uliokwisha kutanda hustahimili matundu mengi, na hapo mkulima anayekimbilia pampu kwa hasira anapoteza fedha yake.

Lakini sehemu ya pili ya madhara haionekani, na hiyo ndiyo iliyowapotosha wengi. Mbawakawa jike hutaga mayai yake udongoni, karibu na shina, makumi kadhaa kwa pamoja. Mabuu wakitoka hula mizizi midogo na vile vinundu vya mizizi ambavyo huupa mmea nguvu ya naitrojeni. Mmea hupoteza rangi yake ya kijani, hudumaa, na hukauka kabla ya wakati wake, na juu hakuna mdudu anayeonekana. Kwa hiyo umanjano wa maharage una angalau sababu mbili za wadudu, na namna ya kuzitenga ni rahisi. Chimba mmea kwa jembe dogo pamoja na udongo wake, usiuvute kwa mkono, kwani mizizi itabaki chini. Pasua shina. Ukikuta limevimba na kupasuka chini, na ndani mna funza au vijipunje vya kahawia, ni inzi. Ukikuta shina ni zima lakini mizizi ya pembeni imetafunwa, na katika udongo mna mabuu weupe wadogo, ni watoto wa mbawakawa. Dakika tano zinatosha, na wembe ni wa bei ndogo kuliko chupa yoyote ya sumu.

Mabuu hao wakikomaa hujitengenezea vyumba vya udongo na kugeuka mbawakawa humo humo ardhini. Hawatoki mara moja. Hukaa wametulia wakati wa kiangazi mpaka mvua iloweshe ardhi. Kule kaskazini kwenye msimu mmoja mkubwa wa mvua, uzao wao ni mmoja kwa mwaka. Hapa kwetu penye vuli na masika, yafaa kuwaangalia misimu yote miwili.

Tabia hii ya kulala ardhini inatupa nafasi ya kuwashinda bila gharama kubwa. Wakulima wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, walishirikiana na watafiti wa Selian kulichunguza jambo hili. Walichimba mashamba yao wenyewe baada ya mavuno, wakaona kwa macho kwamba yule anayeliwinda jani msimu ujao amelala chini ya miguu yao. Hapo wakaelewa faida ya kulima shamba mara tu baada ya kuvuna. Jembe huvunja vyumba vile, na jua na ndege na kuku humaliza kazi. Kwa shamba la wazi la rweya, hilo linawezekana vizuri. Ndani ya kibanja ni jambo jingine, kwa kuwa mizizi ya mibuni na migomba iko juu juu na jembe la kina litaijeruhi. Humo afadhali kubadilisha mahali pa kupanda maharage, au kupisha msimu mmoja kwa zao lisilo la jamii ya kunde, kama viazi vitamu au mahindi pale penye mwanga. Kupisha maharage kwa kunde si kubadilisha zao: mbawakawa huyu hula zote mbili, na katika kunde hueneza pia ugonjwa wa virusi.

Kuhusu tarehe ya kupanda nimekwisha eleza. Ikiwa taarifa za misimu miwili au mitatu zinaonyesha kwamba adui mkubwa wa kijiji ni mbawakawa, kuchelewa kidogo kunaweza kusaidia. Ikiwa ni inzi, wapande mapema, wapandishie udongo kwenye mashina ili mmea utoe mizizi mipya juu ya jeraha, na wamwulize bwana shamba kuhusu dawa ya kuchanganya na mbegu. Ikiwa ni wote wawili, azimio moja kwa chama kizima halifai. Kila kitongoji kiangaliwe peke yake. Hii ndiyo sababu nawasihi makatibu waandike taarifa kwa kitongoji, si kwa kata.

Sasa neno juu ya sumu, ambalo linawahusu hasa wanakamati. Wengi wetu maharage tunayapanda chini ya mibuni. Anayepulizia maharage humo, amepulizia kahawa pia, apende asipende. Kwa vyama vinavyouza kahawa yenye cheti cha kilimo hai, jambo hili si dogo. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, shamba la zao la kudumu kama kahawa hukaa katika kipindi cha mpito cha angalau miaka 3 kabla ya mavuno yanayoweza kuuzwa kwa jina hilo, na mwanachama aliyetumia kiuatilifu kisichoruhusiwa anaweza kurudishwa mwanzo. Cheti ni cha kikundi, hivyo chupa moja ya mtu mmoja inaweza kuwatia wenzake wote katika maswali. Wakaguzi wa ndani wanapopita, waulize juu ya maharage pia. Fomu nyingi nilizoziona zinauliza kahawa tu, na mkulima hujibu kwa uaminifu kwamba kahawa hajaipulizia.

Pale ambapo hakuna cheti na wadudu ni wengi kweli, kiuatilifu kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na kitumike miche ikiwa michanga na mbawakawa wakiwapo. Wiki nne baadaye ni kuosha majani tu. Aidha, wakati wa kukagua maghala nimewahi kukuta chupa za zamani zisizo na karatasi, ambazo watu walisema ni "dawa ya kahawa ya zamani". Endosalfani, iliyotumika sana zamani, iliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya kimataifa ya sumu za kukomeshwa. Chupa kama hizo zisigawiwe kwa mwanachama wala zisimwagwe mtoni. Zifungiwe peke yake, ziandikwe kwenye daftari la ghala, na afisa kilimo wa wilaya aarifiwe.

Kwa kuwa nimetaja ghala, niongeze kwamba fukusi wa maharage, yule anayetoboa punje vitundu vya mviringo, naye wataalamu wa leo wamemweka katika familia hii hii ya mbawakawa wa majani. Lakini katika taarifa asichanganywe na ndugu yake wa shambani; aandikwe "fukusi wa ghalani". Vivyo hivyo yule mbawakawa mweusi mdogo mno anayetoboa vijiti vya mibuni, ambaye Uganda walimwona mwaka 1993, hahusiani na maharage. Tundu lake ni moja dogo chini ya kijiti, na kijiti hukauka kuanzia hapo hadi nchani. Huyo ana barua yake mwenyewe.

Taarifa ya mbawakawa wa majani iwe na mambo haya: kitongoji, tarehe ya kupanda, umri wa miche kwa wiki, aina ya mbegu, zao lililotangulia, na hesabu. Hesabu ifanywe asubuhi kabla ya jua kali, mdudu akiwa bado mzito kuruka. Simama mahali patano katika shamba, pembeni na katikati, na kila mahali angalia mimea 20 iliyofuatana. Andika ni mingapi ina matundu na umeona mbawakawa wangapi. Ng'oa kwa jembe mimea mitano iliyo dhaifu, pasua mashina, andika ulichokuta. Ukikuta si kitu, andika si kitu. Hiyo nayo ni taarifa.

Mdudu akileta mashaka, apelekwe kwa bwana shamba ili afikishwe TARI Maruku, karibu na Bukoba. Asitiwe katika kiberiti, kwani hufika amekuwa unga. Chukua kichupa kidogo chenye kifuniko kizuri, tia spiriti ya duka la dawa, weka mbawakawa kumi hivi wa rangi zote ulizoziona, si wale wa kupendeza tu. Mabuu wachovywe kwanza kidogo katika maji ya moto, la sivyo hugeuka weusi ndani ya spiriti wasijulikane. Kisha kata kipande cha karatasi, andika kijiji, zao, tarehe na jina la aliyekusanya, ukitie ndani ya kichupa pamoja na wadudu wenyewe, si kukibandika nje. Na uandike kwa penseli. Wino huyeyuka katika spiriti, na kichupa hufika kina wadudu wazuri ambao hakuna anayejua wametoka Nkwenda au Nyaishozi.